Mpakate, Usimlaze

Nafanya kazi maabara, na mama akiingia na mtoto humwambia kwanza: mpakate, usimlaze chali. Mtoto aliyebanwa na watu watatu hulia kabla sindano haijamgusa. Kama ananyonya, mpe titi dakika chache kabla, aendelee kunyonya ninapotoa damu. Maumivu hupungua kweli. Kichanga huumia zaidi akitobolewa kisigino kuliko mshipa wa mkononi, ilimradi anayetoboa amezoea. Krimu ya ganzi nayo husaidia, ila hupakwa karibu saa nzima kabla. Aliyekua kidogo nampa mapovu ya sabuni apulize. Na jamani, nyumbani msimtishie mtoto sindano akikataa uji! Akifika hapa hukaza mkono wote, tukahangaika kuutafuta mshipa.