Umiliki wa nyumba za ghorofa na ujirani mwema

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, chini ya uongozi wa Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, ilianza kazi kubwa ya kuwajengea wananchi makaazi bora. Kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki ya wakati huo, zilijengwa nyumba za ghorofa Kikwajuni, na baadaye majumba marefu ya Michenzani, huko Ng'ambo. Nyumba za namna hiyo zilijengwa pia mashamba, zikiwemo za Bambi na Makunduchi, na kisiwani Pemba zikajengwa Wete na Mkoani. Wengi waliohamia humo waligaiwa nyumba na Serikali, hawakuzinunua.

Leo zipo pia nyumba za ghorofa zinazojengwa kwa ajili ya kuuzwa, na Sheria ya Kondominio ya mwaka 2010 imeweka msingi wa mtu kumiliki sehemu ya jengo. Hivyo basi ni vyema wananchi wakafahamu maana ya umiliki huo, kwani mauzo ya nyumba yanaweza ama kuujenga mtaa ama kuudhoofisha.

Anayenunua nyumba ya ghorofa hununua vitu viwili kwa bei moja. Cha kwanza ni sehemu yake mwenyewe, iliyomo ndani ya mlango wake. Cha pili ni fungu lake katika mali ya pamoja, yaani msingi, kuta zinazobeba jengo, paa, ngazi, mabomba makuu ya maji na uwanja. Fungu hilo haliuzwi peke yake. Nyumba ikiuzwa, nalo humfuata mnunuzi. Kwa sababu hiyo wamiliki huwa na jumuiya yao, ambayo hukusanya michango, huweka kanuni na husimamia matengenezo.

Penye udhaifu ni pale mtu anapoijua sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili. Mkaazi wa chini husema paa linalovuja si lake. Mkaazi wa juu husema karo lililofurika chini si lake. Mwengine huvunja ukuta apate mlango wa duka, naye hajui kwamba ukuta huo umebeba vyumba vya wenziwe. Paa likiachwa, maji hupenya ndani ya zege, nondo hupata kutu, na kutu ikivimba huipasua zege. Tundu ambalo lingezibwa kwa gharama ndogo huja kuwa hatari kwa watoto wanaolala chini yake.

Katika jambo hili mfano wa Singapore, ambayo nayo ni kisiwa chenye ardhi chache, una mafunzo. Bodi ya Nyumba na Maendeleo ya nchi hiyo iliundwa mwaka 1960, na mwaka 1964 ilianza kuwauzia wananchi nyumba ilizozijenga. Kuanzia mwaka 1968 wafanyakazi waliruhusiwa kutumia akiba zao za uzeeni kulipia nyumba. Mnunuzi hupewa haki ya miaka 99. Hata hivyo, kuuza peke yake hakukutosheleza. Kila nyumba hulipa ada ya mwezi kwa ajili ya usafi na matengenezo, na sehemu ya ada hiyo huwekwa katika mifuko ya akiba kwa kazi kubwa kama vile kupaka rangi, kuezua na kuezeka paa na kubadilisha lifti.

Ni kwa njia hiyo mauzo ya nyumba huutia mtaa nguvu. Aliyenunua ana sababu ya kuhudhuria mkutano, kwani ngazi chafu na paa bovu humpunguzia thamani ya mali yake. Akikaa miaka mingi, watoto wake husoma skuli moja na watoto wa majirani, na Sheha huwajua watu wake. Kinyume chake, nyumba inayonunuliwa na kufungwa, au kupangishwa wageni wa siku mbili tatu bila ya makubaliano ya wenzake, huwaachia wakaazi mzigo wa kuchangia na mashaka ya kutojua nani anapanda ngazi yao.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi anashauriwa kuhakikisha mambo yafuatayo:

1. Kwamba muuzaji ana hati halali, na kwamba sehemu hiyo imesajiliwa.

2. Kwamba hakuna deni la michango lililobakia.

3. Kwamba amezisoma kanuni za jumuiya, hasa zinazohusu ujenzi, biashara na upangishaji.

4. Kwamba ameliona paa, matangi ya maji na karo, si vyumba tu.

Muuzaji naye ana wajibu wa kuyaeleza hayo bila ya kuficha, na kuwaarifu wenziwe kwamba anauza.

Wahenga wametuusia kumtazama jirani kabla ya nyumba. Katika nyumba ya ghorofa usia huo una uzito zaidi, kwani dari ya mmoja ndiyo sakafu ya mwenziwe. Wananchi wenye masuala wanaombwa kufika katika afisi za Serikali zinazohusika na usajili wa ardhi kabla ya kutia saini mkataba wowote.