Kabla ya Kuuliza Mtoto Ataanza Kutembea Lini

Mtoto akifikisha mwaka bila kusimama dede, ndugu na majirani huanza kumhesabia miezi. Hesabu hiyo ina nafasi yake, ila ni kipimo dhaifu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 816 wenye afya kutoka Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Karibu wote walianza kutembea wenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6, tofauti ya miezi tisa na ushei, na hakuna mgonjwa. Asilimia 4 hivi hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Umri wa hatua ya kwanza, ukitazamwa peke yake, hausemi mengi. Kinachosema zaidi ni namna mtoto anavyojongea, na hicho ndicho mtaalamu wa fiziotherapia anachokitafuta.

Akiletewa mtoto wa miezi sita, humlaza chali mkekani, akamshika mikono yote miwili na kumvuta taratibu akae, huku akiangalia shingo: kichwa kinafuata mwili au kinabaki nyuma kikining'inia? Kisha humwonyesha kichezeo upande wa kulia, halafu wa kushoto. Mtoto akikifuata kwa mkono wa kulia tu hata kikiwa kushoto, na mkono wa pili ukabaki umekunja ngumi, nyumbani watasema huyu ni wa kulia, amejipambanua mapema. Mtaalamu hatafurahi. Kupendelea mkono mmoja kabla ya kutimiza mwaka ni mojawapo ya dalili za awali za mtindio wa ubongo, na mtoto wa aina hiyo anaweza kukaa, hata kutembea, ndani ya miezi inayokubalika. Kwa hesabu ya miezi yuko salama, kumbe anahitaji kuchunguzwa sasa.

Tena miezi yenyewe huvutwa na malezi. Charles Super, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1976, aliona kwamba watoto wa Wakipsigis nchini Kenya walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani. Katika kutambaa hawakuwatangulia. Sababu ni kwamba mama zao waliwafundisha makusudi kukaa na kutembea, kutambaa hawakukufundisha. Ndiyo maana vipimo vilivyosanifiwa kwa watoto wa Ulaya havifai kuchukuliwa vilivyo, na ndiyo faida ya kipimo kama kile cha Kilifi, kilichotengenezwa pwani ya Kenya na Amina Abubakar na wenzake kwa watoto wa miezi 6 hadi 35.

Wapo watakaosema kila mtoto ana wakati wake, na takwimu nilizozitaja zinawaunga mkono, mpaka mahali fulani. Wakati huo una mwisho: miezi 18 ikipita bila mtoto kutembea, apelekwe kuchunguzwa (mtoto njiti huhesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa). Hoja nzito zaidi ni ya muuguzi mwenye foleni ya akina mama kliniki, ambaye hana saa nzima ya kumtazama kila mtoto. Hatudai saa nzima. Kuangalia kama mikono yote miwili inafunguka na shingo imekaza ni kazi ya muda mfupi wakati mtoto anavuliwa nguo apimwe uzito. Na hofu kwamba tutawatisha wazazi bure haina uzito mbele ya faida: mapitio ya Iona Novak na wenzake ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba mtindio wa ubongo unaweza kutambuliwa kabla ya miezi sita, badala ya kungoja mwaka mmoja au miwili kama ilivyozoeleka, na hicho ndicho kipindi ambacho ubongo hujifunza upesi zaidi.

Kwa hiyo mzazi, mwanao akiwa bado hajatimiza mwaka na mkono mmoja ndio unaofanya kila kitu, usisubiri aanze kutembea. Mpeleke.