Koki Ikae Nje ya Tangi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona kwa nini maji ya tangi hayaaminiwi kwa macho. Leo tumfuate fundi anayetumwa kufunga kifaa cha kuchotea sampuli.

Mto Rwizi, nchini Uganda, hushuka kutoka vilima vya Buhweju, huunywesha mji wa Mbarara, kisha huelekea maziwa ya Mburo na Nakivale. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza 1958, maji ya ziwa husukumwa kwa pampu, husafishwa, hutiwa klorini, ndipo hupanda matangini. Bombani klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Kujua hilo kunataka sampuli, tena ichotwe pale pale kila mara. Ndipo fundi, awe Nakivale au Bwizibwera kwenye barabara ya Ibanda, anapoambiwa: ingia tangini, funga koki ya kuchotea sampuli.

Humo ndani hatari ni hewa yenyewe. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5, hapaingiliki bila kifaa cha kupumulia, na mtu huweza kuanguka bila kuhisi kukabwa. Kutu ya chuma hula oksijeni hiyo. Matope yanayooza huila pia, na hutoa hidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza. Harufu hiyo imepoteza wengi: gesi ikizidi, pua hufa ganzi, na mtu hudhani hatari imepita. Pampu ya petroli ikiwashwa mdomoni mwa shimo hujaza humo kaboni monoksaidi, isiyonuka kabisa.

Wachimba visima wana desturi ya kuteremsha mshumaa ili kupima hewa. Nawasihi waiache. Mshumaa huzimika oksijeni ikipungua sana, kweli, lakini huendelea kuwaka penye sumu ya kuua, na penye methani huweza kulipua shimo. Kipimo cha gesi kishushwe kwa kamba, kisomwe juu, katikati na chini. Feni ipulize hewa safi, valvu zifungwe, pampu ikatwe umeme. Anayeingia avae mkanda wa mwili uliofungwa kwenye kamba ya kapi, na juu abaki mtu asiye na kazi nyingine ila kumtazama. Mwenzake akianguka, huyo haingii, anavuta kamba. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilieleza kuwa zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa mahali pa namna hii walikuwa wameingia kuokoa.

Hata hivyo, mimi naona fundi asiingie kabisa ikiwezekana. Tangi linapojengwa, litobolewe upande, bomba dogo litokeze nje, koki ikae usawa wa kiuno. Kisima kichotwe kwa chupa safi iliyofungwa uzito na kamba. Tangi la zamani lisubiri siku ya kuoshwa, likiwa tupu na wavutaji kamba wapo.

Koki ikishawekwa, mdomo wake upanguswe kwa spiriti, maji yaachwe yatiririke, ndipo chupa ifunguliwe. Safari ya chupa hiyo hadi maabara ni ya juma lijalo.