Pumzi ikikatika, usiseme ni uzee

Mama amepikia kuni kwa miaka 30. Siku hizi akipanda kilima na ndoo ya maji husimama mara mbili, mkono kifuani. Wanawe humwambia umri umekwenda. Akiketi anapumua vizuri, basi habari inaishia hapo.

Kosa ndilo hilo. Mtu mzima aliyetulia huvuta takriban nusu lita ya hewa kwa pumzi moja, ilhali mapafu ya mwanamume hubeba karibu lita 6, na ya mwanamke lita 4 na kidogo. Kwa kuwa akiba ni kubwa, inaweza kupungua kwa miaka bila mwenyewe kujua.

Wataalamu huigawa hewa hiyo mafungu. Nusu lita ile ni ujazo wa pumzi ya kawaida. Ipo akiba ya kuvuta zaidi, na akiba ya kutoa zaidi. Jumla ya mafungu hayo matatu huitwa uwezo hai wa mapafu, jina alilolitoa daktari Mwingereza John Hutchinson, aliyeeleza kifaa cha kuupima, spirometa, mwaka 1846. Hata mtu akipuliza kwa nguvu zote, lita moja hivi hubaki ndani. Hiyo huhitaji mitambo mingine kuipima.

Kipimo cha spirometa hakina sindano. Mgonjwa huketi, pua hubanwa, huvuta hewa mpaka kifua kijae, kisha hupuliza kwenye mrija kwa nguvu bila kukatiza mpaka hewa iishe. Hurudia angalau mara tatu. Matokeo hulinganishwa na ya watu wa umri, kimo na jinsia yake.

Daktari huangalia sana sekunde ya kwanza. Kwa kawaida zaidi ya asilimia 70 ya hewa inayopulizwa hutoka hapo. Ikiwa pungufu, njia za hewa zimebana. Mgonjwa hupewa dawa ya kuvuta ya kuzitanua, apulize tena. Zikifunguka sana, pumu hushukiwa. Zikibaki vilevile, huenda moshi wa jiko au sigara umeziharibu.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, kifua kikuu kichunguzwe kwanza. Kisipoonekana na pumzi bado inakatika, familia imuulize daktari kuhusu kipimo cha kupuliza. Mapafu yaliyoharibiwa na moshi hayarudi kuwa mapya, lakini jiko likihamishiwa penye hewa na dawa sahihi ikitumika, pumzi iliyobaki hutunzwa.