Watoto wa Pemba wakienda kuuona Mwaka Makunduchi

Mtoto wa Pemba aliyezoea mchezo wa ng'ombe hashituki kirahisi. Ameshaona fahali akivutwa kamba uwanjani, na vijana wakikimbilia mitini. Lakini Makunduchi, kusini mwa Unguja, kuna mchezo mwengine unaoweza kumfanya amshike mama yake mkono: watu wazima, wengine umri wa babu yake, wanapigana kwa magomba mchana kweupe na hakuna anayewaamua.

Huo ndio Mwaka Kogwa, sikukuu ya Nairuzi, ambayo miaka hii huangukia Julai. Watu wa upande wa kusini na wa kaskazini hukabiliana uwanjani, kila mmoja na gomba lake, wamalize kinyongo cha mwaka mzima. Wanawake waliojipamba huzunguka wakiimba nyimbo za mafumbo na kejeli. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto kukiwa na mtu ndani, naye hutoka mbio. Imani ya wenyeji ni kwamba baada ya hapo, hata nyumba ikiungua mwaka huo, hafi mtu.

Jina linatokana na kuoga, yaani kuuoga mwaka. Nairuzi ilitoka Uajemi, na Iran bado husherehekewa, ila kule ni Machi. Mwaka wa pwani una siku 365 tu, hauongezwi siku kila mwaka wa nne, ndiyo maana husogea polepole kwenye kalenda ya ukutani. Mabaharia na wakulima waliuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua lini wasafiri na lini wapande. Babu wengi wa Pemba wanaweza kulieleza hili vizuri kuliko kitabu, wakiulizwa.

Swali gumu la mtoto huja usiku: hii ni dini? Wazazi wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaoona ni mila tu ya kuukaribisha mwaka. Wapo wanaosema Muislamu ana Idi mbili, na kuagua moshi hakumhusu, basi hubaki nyumbani. Ni bora mtoto azisikie kauli zote mbili kwa mzazi wake kuliko vijiweni.

Kwengineko swali hilo lina jibu jepesi. Oberammergau, kijiji cha milimani Ujerumani, wanakijiji waliweka nadhiri wakati wa tauni mwaka 1633 kwamba wataigiza mateso ya Yesu. Walianza 1634, na hadi leo huigiza kila baada ya miaka 10, watoto wao wakiwemo jukwaani. Mtazamaji hukaa kitini.

Makunduchi hakuna jukwaa. Umati ukisukumana, mtazamaji naye yumo. Watoto wasimame nyuma, upande upepo unakotoka, moshi na cheche zisiwafuate, mdogo abebwe. Na Julai ni kusi: boti ya kutoka Mkoani huyumba, hivyo wasishibishwe kabla ya safari, na mifuko iwe karibu.

Familia isiyo na jamaa Makunduchi isishangae ikiitwa ndani kula. Kwa desturi ya pale, nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka ni mkosi. Boksi la halua ya Wete linatosha kuwa zawadi.