Kazi ya ONG: mlango uko wapi, na nani anakudanganya?

Vijana wengi waliomaliza saikolojia, sosiolojia ao maendeleo ya vijijini hapa Kivu wanatuuliza swali moja: namna gani kupata kazi ya mambo ya jamii katika ma-ONG ya kimataifa bila kuwa na mjomba ndani?

Kwanza tujue kazi zenyewe. Tangazo likiandika «assistant psychosocial» ao APS, wanatafuta mtu wa kusikiliza na kusindikiza waathirika, zaidi sana wa ubakaji. «Agent de protection» anatembea vijijini na kwenye kambi, anaandika visa vya watu walioteswa ao watoto waliopotezana na wazazi, kisha anawaelekeza kwenye huduma. Ripoti zinaandikwa kwa Kifaransa, lakini mbele ya mama aliyeumizwa ni Kiswahili, Mashi ao Kinande ndiyo inasaidia. Andika luga hizo kwenye CV. Wengi wanasahau.

ONG nyingi za inje zinapitisha kazi kwa ONG za hapa kwetu. Anzia pale basi, ao kuwa relais communautaire kwenye eneo lako la afya. Prime ni kidogo (wengine watakucheka), lakini utapata uzoefu na mtu wa kutaja kama référence. Huyo wanaweza kumpigia simu kweli.

Matangazo yanatoka kwenye mediacongo.net, ReliefWeb na valve za ofisi. Soma mpaka mwisho: namba ya tangazo, tarehe ya mwisho, kadi ya ONEM kama wanaiomba. Kisha kuna mtihani na mahojiano. Swali kama hili linaweza kukuja: mama amekueleza siri yake, mume wake anakuja kuuliza alisema nini. Anayejibu «nitawapatanisha» ameanguka. Siri ya mama haitoki bila ruhusa yake.

Tangu Marekani ilipokata misaada yake mwanzoni mwa 2025, nafasi zimepunguka sana, na pale kazi inapopunguka wezi wanapata soko. Umoja wa Mataifa haulipishi mtu anayeomba kazi, hata dola moja. Anayekuomba «ya motisha», ao «opération retour», ile ya kumrudishia sehemu ya mshahara kila mwezi, anakuibia.

Kwa wanawake ni mbaya zaidi. Mwezi wa 9 mwaka 2021, tume huru juu ya kazi za Ebola za 2018 mpaka 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri, ilitaja washukiwa 83. 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS. Wanawake walieleza kwamba waliombwa mwili ili wapate kazi ao wasifukuzwe. Tangu 2003, sheria ya ndani ya Umoja wa Mataifa inakataza kubadilisha kazi na ngono, na kosa ni la mfanyakazi wake hata kama dada alikubali. Ma-ONG mengi yako na sheria kama hiyo.

Ikikufikia, usifute meseji. Chunga namba, tarehe na jina, tafuta namba ya malalamiko ya shirika lenyewe, na usipeleke habari kwa mkubwa wa ofisi kama ni yeye anakuomba.