"Jengo la Kale" na "Jengo Linalolindwa"

Watafsiri na walimu wengi hutumia istilahi "jengo la kale" kana kwamba kila jengo lenye umri mkubwa linalindwa na sheria. Sivyo. Yafaa tofauti hiyo ielezwe, kwa kuwa kosa la neno moja laweza kumpa mtu ruhusa ya kubomoa nyumba isiyoweza kupatikana tena.

Sheria ya Mambo ya Kale, Na. 10 ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, imeweka mpaka. Jengo lililojengwa Tanzania Bara kabla ya mwaka 1863 hulindwa bila tangazo lolote. Jengo la baadaye hulindwa endapo Waziri mwenye dhamana amelitangaza.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Namasakata, mkoani Ruvuma, akiwaonyesha wanafunzi majengo ya zama za Wajerumani mjini Songea, atayaita ya kale, naye hatakuwa amekosea. Lakini Wajerumani walifika huko baada ya mwaka 1863; Nduna Songea Mbano, ambaye mji huo una jina lake, walimnyonga mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji. Basi majengo hayo ni ya kale kwa umri, ila kisheria yahitaji tangazo. Mtafsiri hana budi kuuliza kwanza: tangazo lipo?

Zanzibar ina sheria zake. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na huko kinacholindwa ni mji mzima, si jengo moja moja tu; ndiyo maana twasema "eneo la hifadhi". Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kulinda, basi, si kuhifadhi.

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi haya:

Kulinda: kuzuia kwa nguvu ya sheria jengo lisibomolewe wala kugeuzwa.

Kuhifadhi: kulitunza jengo siku zote lisichakae.

Kukarabati: kutengeneza palipoharibika kwa kufuata umbo la asili.

Kubomoa na kujenga upya si kukarabati, hata kama jengo jipya litafanana na la awali. Tunawaomba maofisa wanaoandika vibali walizingatie hilo kabla ya kutia sahihi.